Mwalimu Breki Atafuta Mchezo wa Kimya

Jina la Breki hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, likamganda mpaka wenye maduka ya mtaani wakasahau kwamba ana jina jingine. Gari la kufundishia udereva, kwa asiyelijua, lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, na nyingine mbele ya kiti cha mwalimu, ili mambo yakiharibika mwalimu aokoe roho za watu. Wako walimu wanaomaliza wiki nzima bila kuigusa hiyo ya pili. Huyu wetu aliikanyaga asubuhi hadi jioni. Mwanafunzi hajakosea, yeye keshakanyaga. Kosa alikuwa analiona likiwa bado njiani linakuja. Basi goti lake la kulia likaliwa taratibu, mpaka siku moja likagoma kukunjika, na shule ikamuaga kwa maneno matamu na saa ya ukutani. Saa yenyewe ilikuwa inachelewa kidogo. Aliirekebisha kabla hajafika nyumbani.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mkewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee alikuwa hai, mzima wa afya, anafanya kazi katika mji ambao baba hakuambiwa ni upi, na hawakuwa wamesemezana tangu siku walipomzika mama.

Habari ya siku ile afadhali niimalize mapema, maana hakuna la kuficha. Waombolezaji wote waliona kwa macho yao. Kijana alisimama mbele ya watu kumsemea mama yake. Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini alikuwa anakwenda vizuri. Akafika mahali pa kueleza jinsi wazazi wake walivyokutana. "Baba alimwona Mama kwa mara ya kwanza mwezi wa tano," akasoma, "siku ya mvua, Mama amejikinga kwa sinia—"

"Wa sita," akasema Mwalimu Breki kutoka kiti cha mbele.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi begani. Lakini pale pote palikuwa kimya, kila mtu alisikia, na wawili watatu huko nyuma wakatokwa na kile kicheko cha msibani ambacho mwenyewe hakitaki. Kijana alimtazama baba yake kwa muda. Kisha akaikunja karatasi, akaketi. Yale maneno mengine ya kumsemea mama hayakusemwa na mtu. Jioni akachukua begi lake, akaaga nyumba nzima isipokuwa mtu mmoja.

Na kweli ulikuwa mwezi wa sita. Hilo ndilo lililomkaa Mwalimu Breki kooni. Mtu aliyekosea huomba radhi, mambo yakaisha; sasa aliyesema kweli aombe radhi ya nini? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wala hawakuongeza kwamba ulimi ukisema kweli adhabu inapunguzwa. Ilimchukua muda mrefu sana kuelewa kwamba hakuna mtu pale msibani aliyekuwa na haja ya mwezi. Alipoelewa, namba ya simu ya mwanawe ilikuwa imeshabadilishwa.

Alimtaka mwanawe. Hakuwa na haja nyingine duniani, na haja hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Au tuseme alikuwa naye mmoja, ila mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dada yake alikuwa na binti, fundi wa simu na kompyuta, mwanamke wa watu mwenye mvi za mapema na miwani miwili, mmoja wa kuonea watu na mwingine wa kuonea skrubu. Huyu mpwa alikuwa anajua binamu yake yuko wapi. Mjomba alijua kwamba anajua, naye alijua kwamba Mjomba anajua. Zamani, kila lilipoguswa neno hilo, Fundi alivua miwani akasema, "Niliapa, Mjomba," na mazungumzo yakafia hapo. Siku hizi hawakuligusa kabisa.

Jumapili moja mchana Fundi alimkuta mjomba wake amekaa mbele ya televisheni anabishana na msoma habari.

"Mjomba, unaongea na nani?"

"Na huyu. Hatamki vizuri."

"Hakusikii."

"Ndiyo maana hajirekebishi."

Fundi hakucheka. Aliiangalia sebule: kochi lenye shimo upande mmoja tu, kikombe kimoja mezani, vumbi juu ya kiti alichokuwa anakalia marehemu mke wa mjomba wake. Wiki iliyofuata akaja na kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya kompyuta zilizokufa, akaiunganisha na intaneti, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, kwa kuwa siku hizi chakula kililiwa kochini.

"Utacheza gemu," akatangaza.

"Mimi ni mtoto?"

"Watoto wana shughuli nyingi kuliko wewe. Haya niambie, unataka gemu la namna gani? Za mtandaoni ni nyingi, watu wanacheza pamoja kutoka pande zote."

Mwalimu Breki alifikiri kwa uzito uleule aliokuwa anaupa swali la kununua tairi. "Nataka watu wawepo," akasema. "Lakini wasiniulize kitu, na wala wasinitegemee. Nicheze kivyangu, taratibu, nikichoka niache. Ila nikiinua macho nione kuna mtu anapita."

"Hilo si gemu, Mjomba. Hilo ni dirisha."

"Dirisha ninalo. Linatazama ukuta wa jirani."

Wakaanza kutafuta. La kwanza lilikuwa la vita, kwa sababu ndilo lililokuwa maarufu. Alipewa bunduki na kushushwa kwenye uwanja, na kabla hajaelewa bunduki inashikwa wapi akawa ameshauawa. Akafufuliwa, akauawa tena. Kwenye hedifoni sauti ya kitoto, isiyo na hata chembe ya haya, ikamuuliza kama amekufa usingizini. Akaivua hedifoni na kuiweka mbali kidogo, kama mtu anavyoweka sahani aliyokuta nywele ndani yake.

La pili lilikuwa la shamba. Hilo lilimpendeza siku za mwanzo: unapanda, unamwagilia, unaona mashamba ya wenzako ng'ambo ya ua. Kumbe wenzako hao nao wanakuona. Asubuhi anafungua anakuta maombi: mmoja anataka mbolea, mwingine anataka msaada wa kuvuna, wa tatu amemletea zawadi ya kuku na anasubiri shukrani. Wakamwingiza kwenye chama. Mwenyekiti wa chama, mtu asiyemjua sura, akamwandikia onyo kwamba mchango wake wa wiki ni mdogo na asipojirekebisha atatolewa.

"Nimestaafu kazi ya kweli nije niajiriwe kwenye kazi ya uongo?" alimuuliza Fundi kwenye simu. Siku moja alishindwa kufungua kwa sababu ya goti. Alipofungua kesho yake mahindi yote yalikuwa yamekauka. Akayatazama, akajisikia vibaya kuliko ilivyostahili, akalifuta shamba lote.

La tatu lilikuwa na mapanga na mazimwi. Ulimwengu ulikuwa mzuri, una milima na mito, na mtu angeweza kutembea humo kutwa. Lakini kila palipokuwa na jambo palikuwa na pango, na kila pango lilitaka watu wanne. Alisimama mlangoni mwa pango na upanga wake, wenzake wakija, wakikusanyika, wakiingia, wakitoka na hazina, na hakuna aliyemwita. Hakuwa ametaka kuitwa. Alisema hivyo mwenyewe. Hata hivyo kule kusimama mlangoni kulimkumbusha mambo ambayo hakuwa amefungua kompyuta ili ayakumbuke.

"Basi," akamwambia mpwa wake. "Rudi na kompyuta yako. Nimeshakuwa peke yangu bila mashine, sihitaji ya kunisaidia."

Fundi alikuwa amesimama katikati ya sebule na waya mkononi. "Kuna moja limebaki," akasema. "Ngoja kwanza nipige simu." Akatoka uani, akafunga mlango. Mwalimu Breki alimwona kupitia kioo akitembea huku na huku, akisikiliza zaidi ya anavyosema, mkono mmoja kiunoni. Aliporudi alikuwa amevua miwani yote miwili.

"Ni la malori," akasema. "Unabeba mzigo kutoka mji mmoja hadi mwingine. Barabarani unakutana na malori ya wachezaji wengine, basi. Nitakuingiza kwa mlango wa watu wachache, wanaoendesha polepole. Sharti lao ni moja tu, Mjomba, na ulishike vizuri. Hawaongei. Pale chini kuna sehemu ya kuandikiana ujumbe, lakini wewe usiandike. Hata salamu. Hata mtu akikosea."

"Akikosea je?"

"Mjomba."

"Nauliza tu."

"Hata akipindua lori likawaka moto. Unapita, unakwenda zako."

Alimletea usukani wa plastiki wa kubana mezani na pedali za kuweka sakafuni. Na hapa ndipo kilipotokea kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Mwalimu Breki alipokaa na kuushika ule usukani, alitambua kwamba maisha yake mengi yalipita kwenye kiti cha abiria. Alikuwa amewaendesha watu waendeshe. Sasa barabara ilikuwa mbele yake mwenyewe, nyeusi, imelowa mvua ya kuchora, na hakuna mtu wa kumwambia kitu. Machozi yakamlengalenga, akasingizia mwanga wa kioo.

Aliendesha kama alivyofundisha. Alisimama kwenye taa nyekundu hata pasipo na gari. Aliwapisha wenye haki ya kupita. Alifunga mkanda, na Fundi alipoona mkanda wenyewe ni wa suruali aliouzungusha kwenye kiti cha kulia chakula, ilibidi aende jikoni akachekee huko. Wale wachezaji wengine hawakumsumbua. Mmoja alipita na kupiga honi fupi, naye akajibu kwa honi fupi, na honi ile moja ikamtosha kutwa.

Lori la kijani alianza kuliona mapema. Lilikuwa linatokea alasiri, saa ambayo watu wanatoka kazini, nalo lilibeba mizigo ya kawaida: mbao, saruji, mabomba. Juu yake, mahali pa jina la mchezaji, palikuwa na namba tupu. Lilikuwa haliendi mbio. Mara ya kwanza alilifuata kwa kuwa walikuwa njia moja. Mara ya pili kwa kuwa alilipenda. Baadaye akawa analisubiri kwenye kituo cha mafuta, amezima injini, kama mtu anayemsubiri mtoto mlangoni mwa shule.

Kilichomvuta kilikuwa taa za breki. Walimu wengi humfundisha mwanafunzi apunguze mwendo kabla ya kona, basi. Mwalimu Breki alikuwa na lake, alilolianzisha mwenyewe na kugombana na wenzake kwa sababu yake: kabla hujakanyaga breki, iguse kwanza, mara mbili, kidogo tu, taa za nyuma zikonyeze, ili anayekufuata apate habari kabla ya tukio. "Mpe wa nyuma yako nafasi ya kujua," alikuwa akisema, siku zote, mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza. Lori la kijani lilikonyeza mara mbili kabla ya kila kona. Halikusahau hata mara moja, hata kwenye barabara tupu isiyo na mtu nyuma isipokuwa yeye.

Mwanzoni alivimba kichwa. Huyu ni mwanafunzi wangu, akajisemea, na akaanza kuwapitisha kichwani mmoja mmoja: yule muuguzi, yule mwenye duka la rangi, yule padri aliyegonga nguzo. Kisha siku moja mvua ya kuchora ilikuwa inanyesha, lori la kijani likasimama kwenye makutano, na kabla ya kuondoka likawasha kiashiria, likakizima, likakiwasha tena. Mwanafunzi mmoja tu alikuwa na tabia hiyo. Alimkemea kwayo tangu akiwa na miguu isiyofika vizuri kwenye pedali, na hakufanikiwa kumtoa. Alikuwa anaifanya pia kwa taa ya chumbani kabla ya kulala.

Mwalimu Breki hakulifuata lori siku hiyo. Liliondoka, likatokomea kwenye kona, na yeye akabaki amesimama makutanoni.

Alikwenda dukani kwa mpwa wake hivyohivyo na goti lake. Fundi alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Hakuinua kichwa.

"Ni yeye," akasema Mwalimu Breki.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga, mama."

Fundi akaweka bisibisi chini. Akavuta kigoda kwa mguu, akamwonyesha akae. "Niliapa sitasema yuko wapi," akasema. "Sijasema. Wala sikusema kwamba ni yeye, umejijulia mwenyewe."

"Anajua kwamba ni mimi?"

"Siku ile nilipotoka uani, nilikuwa naongea na nani? Nilimwambia, baba yako anatafuta gemu, kila anapojaribu anatoka mbaya zaidi. Mwishoni akasema, haya, aje. Aje anifuate akitaka. Ila siku atakayosema neno, natoka."

"Neno lolote?"

"Lolote, Mjomba. Hakutaka kusikia kitu. Alisema anaweza kukuvumilia ukiwa kimya."

Wapo watu ambao wangechukia kuambiwa hivyo na mtoto waliyemzaa. Mwalimu Breki aliliweka neno hilo kifuani kama cheti. Alirudi nyumbani, akachukua kitambaa cha meza, akaifunika kibodi yote na kuisukuma pembeni, maana mkono ni mwenyeji wa mazoea, na mazoea yana taabu.

Ukafuata wakati ambao, kama angeulizwa, angesema ulikuwa mzuri, japo mtu akichungulia dirishani angeona mzee mmoja amekaa peke yake na usukani wa kitoto. Alinyoa ndevu kabla ya kuwasha kompyuta. Alivaa shati lenye kola. Alasiri ilipofika lori la kijani lilitokea, likapita kituo cha mafuta bila kusimama, na yeye akaingia barabarani nyuma yake, akiacha nafasi ya kutosha. Walivuka madaraja. Walipita miji isiyo na watu, yenye taa madirishani na hakuna mtu ndani. Siku nyingine lori lilipunguza mwendo mlimani, mahali pasipo na sababu ya kupunguza, mpaka yeye na mzigo wake mzito akafika. Siku hiyo alikula chakula cha jioni mezani, kando ya kompyuta, kwa sahani na kijiko cha kweli.

Alikuwa ana mengi ya kusema. Aliyasema yote kwa sauti hapo mezani, kwa kuwa chumbani hakuna anayesikia. Alimwambia kwamba alikuwa anasoma vizuri siku ile. Alimwambia kwamba sinia lile la mvua bado lipo kabatini. Alimwambia, hata kama ni wa tano, mwanangu, na uwe wa tano. Taa nyekundu za nyuma zilimsikiliza na kukonyeza kwenye kona.

Na makosa aliyaona. Usidhani aliponya jicho lake. Aliona kijana anavyochelewa kubadili gia kwenye mteremko, anavyokaa karibu mno na mstari wa kati. Kila alipoona kosa alibana meno na kukishika kiti. Wiki zikapita, akafaulu, na sijui mtihani mwingine alioufanyia kazi kama huo katika maisha yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Walikuwa wanapanda mlima, ukungu umeshuka, mbele ya lori la kijani kuna tangi la mafuta linakwenda kama konokono. Lile tangi halikuwa la mchezaji, lilikuwa la mchezo wenyewe. Mbele yake kulikuwa na kona ya kushoto, imezibwa na mwamba. Lori la kijani likawasha kiashiria, likazima, likawasha tena. Likatoka upande wake wa barabara, likaanza kulipita tangi.

Mguu wa Mwalimu Breki ulikanyaga. Ulikanyaga breki yake mwenyewe, lori lake likasimama mlimani, la mwanawe likaendelea. Kitambaa kilikwenda chini. Vile vidole vilivyokuwa vinaitafuta herufi moja kama vinatafuta sindano majanini, safari hii viliziona zote kwa mara moja, na kabla hajajua kama yeye ndiye anayeandika, maneno yalikuwa yamekwisha kwenda na yanang'aa chini ya kioo:

*Rudi nyuma. Hupiti kwenye kona.*

Hakukuja kitu kutoka upande wa pili. Barabara ilikuwa tupu. Mchezo ule una ramani ndogo pembeni, inayoonyesha magari yaliyo mbele. Kijana alikuwa ameitazama, akajua pako wazi, akapita. Siku ya msiba baba alikuwa na haki yake angalau. Leo hata hiyo hakuwa nayo.

Alipovuka kona alilikuta. Lori la kijani lilikuwa limeegeshwa pembeni vizuri, taa zote za tahadhari zinawakawaka. Alisimama nyuma yake. Hakuondoka, na lile halikuondoka. Akaamini, Mungu amsamehe, kwamba kijana anamsubiri aseme kitu kingine. Labda ni kweli alikuwa anasubiri. Hatutajua.

Akaanza kuandika *samahani*. Akaifuta: mtu haanzi na samahani bila salamu, si adabu. Akaandika *hujambo mwanangu*. Akaitazama, akaona *mwanangu* ni neno zito kwa kuanzia, huenda likamkimbiza. Akalifuta hilo, akaacha *hujambo*. Sasa ikawa kavu mno, kama anamsalimu karani wa benki. Akafuta yote aanze upya, apange vizuri, kwanza salamu, kisha radhi, kisha habari ya mama. Alipoinua macho taa hazikuwa zinawaka. Pale pembeni ya barabara palikuwa na majani na mwamba.

Aliandika hivyohivyo. Aliandika *samahani* bila salamu na kubonyeza. Kioo kikamjibu kwamba mchezaji huyo hayupo, ujumbe haukufika.

Siku zilizofuata alikaa kwenye kituo cha mafuta kutoka alasiri mpaka giza linaingia. Malori mengine yalipita. Lile la honi fupi lilipiga honi yake, hakujibu. Mwishowe akachukua fimbo, akaenda dukani.

Fundi alipomwona mlangoni alizima redio. Akavua miwani.

"Kuna tangi lilikuwa mbele yake," Mwalimu Breki akaanza. "Kulikuwa na ukungu, na kona ile, mtu yeyote—" Akaishia hapo. Akakaa kwenye kigoda. "Kasemaje?"

"Mjomba, tuache."

"Niambie. Nataka kama alivyosema, usiniongezee wala usinipunguzie."

Fundi alifuta kioo cha simu ya mteja kwa kitambaa, akakifuta tena kilipokuwa tayari safi. "Kaniomba nimtafutie gemu jingine," akasema. "La kucheza mtu peke yake. Lisiwe na watu kabisa."

Mwalimu Breki aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa njia. "Na mimi? Hakusema kitu juu yangu?"

"Alisema." Fundi akaiweka simu ya mteja chini, na sauti ilipomtoka haikuwa ya fundi tena, ilikuwa ya mtoto wa dada. "Alisema nikwambie umejitahidi. Yeye hakutegemea ungemaliza hata wiki."

Machozi yakamtoka mzee, na hakuyafuta. Alilia bila sauti, mgongo umenyooka, mikono juu ya fimbo, na mpwa wake akaja akasimama karibu naye asijue la kufanya. Kisha mteja akaingia kuulizia chaja, naye Mwalimu Breki akainuka taratibu, akampisha kiti.